Nabeba ndoo kila siku, mbona kunyanyuka kwenye mbuzi kunanishinda?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Tanga, kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, iko kibarazani, na nikishakaa saa mbili asubuhi siinuki hadi adhuhuri. Nikila narudi kukaa tena mpaka magharibi. Nina presha, huu ni mwaka wa tatu natumia dawa, na kliniki wananiambia imetulia. Sukari sina.

Mwaka jana mama yangu, ambaye ana miaka 78, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, sasa anatembea kwa fremu, na siku nyingi anashinda kitandani. Tangu hapo nimekuwa nikijiangalia. Nikisali, kuinuka kwenye mswala lazima niegemeze mkono ukutani. Mwezi uliopita nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mbili, nilipomaliza nikashindwa kunyanyuka. Nikamwita binti yangu anivute mkono. Alicheka, nami nikacheka naye, lakini usiku ule usingizi haukuja. Nilikuwa namuona mama.

Mtoto wa dada yangu anakwenda jimu, akanichukua nikajaribu. Kijana anayefundisha pale hakuniuliza umri wala ugonjwa. Alinipa skwati mia moja, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kisha kuruka kamba, kisha akanipa chuma nikishike huku vijana wote wananitazama. Siku ya pili yake kushuka ngazi nilishuka kinyumenyume. Kwenda chooni ulikuwa mtihani. Wiki nzima sikuweza kukanyaga cherehani, na nilikuwa na sare za harusi za watu kumi na wawili. Sijarudi tena.

Mume wangu anasema hayo mambo ni ya vijana, mimi nabeba ndoo tatu za maji kila asubuhi na hayo ni mazoezi tosha. Jirani yangu ananiambia nikinyanyua vyuma nitaota mabega kama mwanaume. Yule mtoto wa dada naye anataka ninunue kopo la unga wa misuli, bei yake laki moja na nusu.

Mwalimu, je, kwa umri huu naweza kuanza? Nianzie wapi bila kurudi kule? Na mama yangu je, kwake imeshachelewa?

Mama wa Cherehani, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa mama, na pole kwa wiki ile ya miguu.

Niruhusu nianze na ndoo ya shemeji, kwa sababu wanawake wengi wanaoniandikia wamezuiwa na ndoo hiyohiyo. Shemeji ameshika nusu ya ukweli. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na msichana anayeanza kuibeba hujengeka kweli: shingo, mgongo, mikono. Lakini mwili ukishaimudu kazi, hauna sababu ya kujiongezea nguvu. Ndoo yako haijaongezeka hata kikombe tangu uolewe. Wewe ndiye uliyebadilika. Kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza misuli kidogo kidogo, na makadirio ya kawaida ni asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma homoni ya estrojeni hushuka na mifupa nayo huanza kupungua kwa kasi zaidi. Ndoo ni ileile, misuli inayoibeba si ileile.

Tena ukiitazama vizuri, ndoo huiinui kutoka chini kabisa ukiwa umechuchumaa. Unainama kidogo, mtu anakutwisha au unaipandisha kwa mkono, basi. Mapaja na makalio, ambayo ndiyo yanayokutoa kwenye mbuzi na kwenye mswala, hayapati kazi ya maana hapo. Baadaye unakaa juu yake kwa muda wa saa nane.

Kinachokosekana ni kuongeza. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliliona hili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hospitali yao ya kijeshi huko Chicago ilijaa askari waliovunjika miguu, na desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi mepesi, marudio mengi, kwa miezi. Yeye akawapa uzito mzito kiasi, marudio machache, na kila walipoumudu akawaongezea. Walipona haraka kuliko wenzao. Aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1945, na mpaka leo kote duniani watu wanaofanya seti tatu za marudio kumi, yaani mara kumi, kupumzika, kisha kurudia hadi mizunguko mitatu, wanafuata njia iliyotoka kwa yale magoti ya askari. Kwa hiyo hii si michezo ya vijana. Utaratibu huu ulikuzwa kwa ajili ya watu walioshindwa kusimama.

Sasa yule kijana wa jimu. Alikukosea, na nalisema hili nikiwa mwalimu wa mazoezi. Mtu anayeanza hapewi skwati mia. Misuli ambayo haijazoea kushusha mwili taratibu huchanika vipande vidogo vidogo, maumivu yakaja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Uchungu kidogo wa namna hiyo ni kawaida. Wa kukushusha ngazi kinyumenyume ni ishara kwamba kazi ilikuwa nyingi mno. Na wasomaji wengine nao wasikie: ukiumwa hivyo halafu ukaona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, usisubiri upoe, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyoharibika sana inaweza kuumiza figo.

Kabla hujaanza, siku yako ijayo ya kliniki waambie wazi kwamba unataka kufanya mazoezi ya nguvu, wakupime na wakwambie kama dawa zako zinahitaji tahadhari yoyote. Presha iliyotulia haikuzuii, mazoezi ya nguvu yanaisaidia. Ila kuna jambo moja usilifanye: usibane pumzi unaposukuma au kunyanyua. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Toa pumzi wakati wa kazi ngumu, kama unavyopuliza uji wa moto, vuta wakati wa kurudi. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kusiko kwa kawaida, acha palepale ukamwone daktari.

Hutahitaji kurudi kule. Utahitaji kiti, ukuta, mkeka, na kidumu cha mafuta cha lita 5 kilichooshwa vizuri. Nakipenda sana kidumu, na nitakuambia kwa nini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukikitia chupa moja ya nusu lita umeongeza nusu kilo, na vyuma vingi vya jimu haviwezi kuongezwa kwa hatua ndogo namna hiyo. Kwa mtu anayeanza, nusu kilo ni kitu kikubwa.

Zoezi lako mama ni la kiti, na hili nataka ulijue kama unavyojua kutia uzi kwenye sindano. Chukua kiti kigumu, mgongo wake ukiegemeze ukutani, maana kiti cha plastiki kwenye marumaru huteleza na hatutaki mgonjwa wa pili wa nyonga nyumbani. Vaa suruali ndani ya dera, au ulipandishe dera na kulifunga, usije ukalikanyaga. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Nyayo zote mbili ziguse chini, upana wa mabega, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Mikono ikunje kifuani. Sasa inamisha kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Wanawake wengi wanashindwa kwa sababu wanajaribu kupanda wima kama lifti. Mwili lazima uende mbele kwanza, ndipo upande. Sukuma sakafu kwa nyayo, toa pumzi, simama hadi makalio yakaze. Kisha rudi chini ukihesabu moja, mbili, tatu. Usijibwage. Kule kushuka polepole ni nusu ya faida yote.

Kama bila mikono huwezi, weka mto juu ya kiti, kikao kiwe juu zaidi. Hakuna aibu hapo. Wapo wanafunzi wangu walioanza na mito miwili. Magoti yakilia bila kuuma, yaache yalie. Yakiuma, ongeza mto na utazame kama yanaelekea upande wa vidole vya miguu au yanaanguka ndani.

Fanya mara nane. Pumzika dakika moja au mbili. Rudia. Wiki mbili za kwanza seti mbili zinatosha, hata ukijisikia unaweza zaidi, na najua utajisikia hivyo. Kipimo changu ni hiki: unapoacha, uwe bado ungeweza kufanya mara mbili au tatu tena kwa mkao mzuri. Ukiacha ukiwa ungeweza mara kumi, ni rahisi mno. Ukiacha kwa sababu miguu imetetemeka ikakataa, umepitiliza.

Baada ya hapo tunaongeza, na hapa ndipo mbuzi yako inapoingia. Ukifikisha mara kumi na mbili kwa seti tatu bila kuhangaika, siku mbili mfululizo za mazoezi, ondoa mto. Kisha shika kidumu chenye lita 2 kifuani, ukiongeza nusu lita kila inapokuwa rahisi. Kikijaa, kiweke chini, hamia kwenye kitu kifupi zaidi, ukingo wa kitanda kifupi au kigoda, uanze upya bila uzito. Mwisho wa safari hiyo ni kikao cha mbuzi, ukiwa umeikunja meno yake. Wengine huchukua miezi mitatu, wengine sita. Mimi mwenyewe goti langu la kushoto lilinichelewesha mwaka mzima nilipofika miaka 55, na nilifika.

Mengine ni ya kusindikiza, sitayaeleza kwa urefu. Kusukuma ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja kifuani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, sukuma urudi. Ukuta ukiwa mwepesi, hamia kwenye kizingiti cha dirisha, kisha ukingo wa kitanda. Kuvuta: egemeza mkono mmoja juu ya kiti, inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mwingine uvute kidumu kutoka chini mpaka kiunoni. Hili usiliruke, wewe hasa. Mshonaji huishi ameinamia kitambaa, mabega yamekuja mbele, na misuli ya katikati ya mgongo imelegea kwa kutotumika. Kisha lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, inua makalio, yabane, yashushe taratibu. Mwisho beba kidumu kilichojaa mkono mmoja, tembea hatua ishirini bila kuinamia upande wowote, badilisha mkono. Ukimaliza yote, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta sekunde kumi, kisha mwingine. Hicho cha mwisho ni kwa ajili ya bafuni.

Siku mbili kwa wiki, na ziwe na nafasi katikati, kama Jumatatu na Alhamisi, kabla hujafungua kazi. Dakika 25 au 30. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na angalau dakika 150 za mwendo wa kawaida kama kutembea haraka. Siku nyingine tembea. Na usiruke kuanza kwa dakika tano za kuzungusha mabega na kutembea papo hapo.

Jirani yako anakuogopesha bure. Misuli mikubwa ya mwanaume inajengwa kwa msaada wa homoni ya testosteroni, na mwanamke anayo kidogo sana akilinganishwa naye. Wanawake unaowaona wamejaa mabega wamefanya kazi hiyo miaka, kila siku, kwa chakula maalumu, na baadhi kwa dawa. Nguvu na ukubwa si kitu kimoja. Wanawake walipoingia kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma ya Olimpiki, Sydney mwaka 2000, kundi la wepesi zaidi lilikuwa la wenye uzito usiozidi kilo 48, na miongoni mwao walikuwepo walioinua zaidi ya kilo 100 juu ya kichwa. Kilo 48! Hata wewe, wiki nne au sita za kwanza utaona nguvu zinaongezeka na gauni lako halijabadilika, kwa sababu kinachojifunza mwanzo ni neva, namna ubongo unavyoiita misuli uliyo nayo tayari. Misuli kunenepa kunakuja baadaye, na kwa umri wetu kunakuja kidogo na kwa jasho.

Unga wa laki moja na nusu usinunue. Fedha hiyo nunua mayai na dagaa. Kwa anayefanya mazoezi ya nguvu, gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri, kwa hiyo mama wa kilo 70 anatafuta kama gramu 84. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Usiviweke vyote usiku. Wengi wetu asubuhi ni chai na maandazi matupu, na hapo ndipo pa kurekebisha: mayai mawili, au kunde zilizolala jana. Tanga kibua hakikosekani sokoni. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii, aulize daktari wake.

Na vijana waliokuwa wakikutazama, nakuelewa kabisa. Mazoezi haya yafanye chumbani na mlango umefunga. Mwakani ukitaka kurudi jimu, utarudi ukijua unachokitaka, na kijana wa kukupa mia utamwambia hapana.

Kuhusu mama. Nilisoma swali lako hili la mwisho mara mbili. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, dhaifu, wenye maradhi kadhaa. Waliwapa mazoezi ya uzito ya mapaja kwa wiki nane, siku tatu kwa wiki. Mmoja aliacha. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutumia mkongojo. Watu wa miaka 90. Mama yako ana 78.

Lakini nyonga yake imefanyiwa upasuaji, kwa hiyo usimfundishe mwenyewe kutokana na barua hii. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, uliza maswali matatu: nyonga inaruhusiwa kukunjwa kiasi gani, mguu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, na je, anaweza kufanya zoezi la kusimama kutoka kitini akiwa ameshika fremu. Wakikuruhusu, Jumatatu na Alhamisi weka viti viwili, vyote vimeegemea ukuta, chake kiwe kirefu zaidi na chenye mikono ya kushikia. Wewe usikae mpaka yeye awe ameshakaa vizuri. Akifanya mara tatu siku ya kwanza, hizo ni tatu. Lile daftari unaloandikia vipimo vya wateja, fungua ukurasa wa nyuma, piga mstari katikati, upande mmoja jina lake na mwingine lako. Andika tarehe, kiti gani, mara ngapi, kidumu lita ngapi. Baada ya wiki kumi na mbili nitumie ukurasa huo, nitakuambia cha kuongeza.